Wenyeji Wawili wa Sokoine

Uwanja wa Sokoine, Mbeya, una wenyeji wawili. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. Baba yangu, askari magereza, alinipeleka kuitazama kabla sijaanza shule. Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, ikapanda Ligi Kuu 2013 na kocha Juma Mwambusi. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Mji ukavaa zambarau. Na mimi nikavaa.

Siku ya debi baba aliitazama jezi yangu. "Mwanangu, hao wamekuja jana."

Nikamjibu kwamba Tukuyu Stars nao walikuja jana, wakabeba ubingwa wa 1986. Hadithi hiyo alinisimulia yeye mwenyewe. Tulikaa majukwaa tofauti, tukarudi kwa daladala moja kimya.

Sidhani tulibishania mpira. Prisons kwake ilikuwa kazini, na ilikuwa mkate wetu. Mimi nilitaka timu isiyonidai saluti.

City iliposhuka daraja 2023 nilikuwa chuoni Iringa, mji ambao Lipuli yake ilishuka 2020, mwaka mmoja tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Wenzangu wa bweni walinipa pole kama wafiwa wazoefu. Usiku baba akapiga simu. Nikajiandaa kwa kejeli.

"Umekula?" akauliza. Kisha, baada ya kimya: "Sasa debi tutacheza na nani?"