Malkia Elizabeth na Ndugu Yake Margaret

Wasikilizaji wetu, wazee husema kwamba ukubwa ni jaa: kila taka hutupwa hapo. Leo twapenda kuwasimulia habari za ndugu wawili wa Uingereza, baba mmoja mama mmoja, ambao ukubwa wa mmoja ulimlemea na yule wa pili.

Elizabeth alizaliwa London tarehe 21 Aprili 1926. Mdogo wake, Margaret, alizaliwa katika ngome ya Glamis, Scotland, tarehe 21 Agosti 1930. Baba yao alikuwa mtoto wa pili wa Mfalme George wa Tano, wala hakutazamiwa kutawala. Lakini katika Desemba 1936 kaka yake, Mfalme Edward wa Nane, aliacha kiti ili apate kumwoa mwanamke ambaye waume wake wa zamani walikuwa hai. Basi baba yao akawa Mfalme George wa Sita, na Elizabeth, mtoto wa miaka kumi, akawa wa kwanza katika urithi.

Wakati wa vita watoto hao walikaa Windsor. Tarehe 13 Oktoba 1940 Elizabeth alisema na watoto kwa radio, na mwisho wa maneno yake akamwita mdogo wake, wakawaaga wasikilizaji pamoja.

Tarehe 6 Februari 1952 mfalme alifariki usingizini huko Sandringham. Margaret alikuwa katika nyumba ile ile. Elizabeth alikuwa Kenya pamoja na mumewe. Usiku ule walikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa mtini katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama. Na habari ya msiba ilimfikia Sagana, karibu na Nyeri. Tangu saa hiyo Margaret hakuwa na dada tu. Dada yake alikuwa malkia wake.

Haukupita muda mrefu mambo yakawa magumu. Margaret alimpenda Peter Townsend, askari hodari wa ndege aliyemtumikia baba yake. Lakini Townsend alikuwa ametoa talaka, na mkewe wa kwanza yu hai. Sheria ya mwaka 1772 ilisema kwamba wa ukoo wa mfalme asioe wala asiolewe bila idhini ya mwenye kiti. Tena mwenye kiti ndiye mkuu wa Kanisa la Kiingereza, na Kanisa siku zile halikukubali kufungisha ndoa ya namna hiyo. Fikirini basi: dada anamtakia mdogo wake furaha, na malkia amefungwa na sheria, na wote wawili ni mtu mmoja!

Townsend alipelekwa kazini Brussels katika mwaka 1953, nao wakangoja. Margaret alipotimiza miaka 25 sheria ilimpa njia nyingine, lakini ili aolewe naye angalipaswa kuacha haki yake ya kurithi kiti. Tarehe 31 Oktoba 1955 alitangaza kwamba hataolewa naye, kwa ajili ya mafundisho ya Kanisa na wajibu wake. Ami yake alikuwa ameacha kiti kwa ajili ya mapenzi. Yeye aliacha mapenzi kwa ajili ya kiti ambacho si chake.

Mwaka uliofuata Margaret alizuru Afrika ya Mashariki. Hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake ndiyo iliyokuja kuitwa Muhimbili. Tarehe 6 Mei 1960 aliolewa na Antony Armstrong-Jones, mpiga picha, wakapata watoto wawili. Lakini ndoa hiyo ilivunjika kwa talaka katika mwaka 1978. Jambo lile alilolikwepa kwa machozi likamfika nyumbani kwake.

Hata hivyo hatusikii kwamba ndugu hao walitupana. Margaret aliendelea kumwakilisha dada yake, kama alivyofanya Jamaica ilipopata uhuru katika mwaka 1962. Alifariki tarehe 9 Februari 2002, ibada ya mazishi yake ikafanywa siku ya 15, miaka hamsini kamili tangu mazishi ya baba yake. Malkia alifuata tarehe 8 Septemba 2022, baada ya kutawala miaka sabini. Leo wote wamo katika kanisa dogo la Windsor pamoja na wazazi wao. Huko hakuna mwenye kiti wala asiye nacho; wako baba, mama na binti zao wawili.