Jicho na Sikio Katika Kusikia Matamshi

Mwalimu asemapo huku ameugeukia ubao, watoto wa nyuma huulizana, "Amesema nini?" Akiwaelekea huelewa, ijapokuwa hakupaza sauti. Kumbe tulidhani kusikia ni kazi ya sikio peke yake.

Walimu wa viziwi walilijua jambo hili zamani. Huko Hispania mtawa mmoja wa Mtakatifu Benedikto, Pedro Ponce de León, aliyefariki mwaka 1584, aliwafundisha kusema watoto viziwi wa makabaila. Lakini baadaye tumaini hilo lilipita kadiri. Mwezi wa Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutanika Milano, Italia, wajumbe 164, na kiziwi alikuwa mmoja tu kati yao. Wakaazimu kwamba kusema kutangulie na lugha ya ishara iachwe. Katika shule nyingi za Ulaya watoto wakakatazwa kusema kwa mikono, wakaamriwa kuitazama midomo ya mwalimu.

Na msomaji asimame mbele ya kioo, atamke pasipo sauti: baba, mama, papa. Midomo hufumba na kufumbuka kwa namna moja katika yote matatu. Tofauti zao zimo kooni na puani, ambamo jicho haliingii. Basi mtoto kiziwi atajuaje kama ameitiwa mama yake, au ametajiwa samaki?

Kazi halisi ya jicho ilipimwa baadaye. Mwaka 1954 Sumby na Pollack, Wamarekani, walionyesha kwamba penye makelele amwonaye msemaji hupata maneno mengi kuliko asiyemwona. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald, wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliitia sauti ya "ba" katika picha ya sinema ya mwanamke atamkaye "ga". Watu wazima 98 katika kila 100 walisikia "da", silabi isiyotamkwa na mtu yeyote! Wakifumba macho walisikia "ba" barabara. Maana jicho liliona midomo haikufumba, likaikataa b, sikio nalo halikukubali g, wakapatana katikati.

Jicho, basi, ni shahidi wa pili: laweza kulisaidia sikio, hata kulipotosha, wala haliwezi kushika mahali pake. Mwaka 2010 mkutano wa walimu wa viziwi ulioketi Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milano na kuyajutia madhara yake, baada ya miaka 130.