Vital'O ya 1992

Wazee wa Minago tuliokimbia nao wakianza habari ya Vital'O ya 1992, utadhani kombe tulilileta Bujumbura. Hatukulileta. Lilikuwa Kombe la Washindi la Afrika. Fainali ya kwanza, kwetu Bujumbura, 1-1 na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Marudiano Abidjan, yaani tulipigwa 4-0. Jumla 5-1.

Nilikuwa mtoto. Nakumbuka baba na wavuvi wenzake wamekaa mchangani, redio moja, betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa zipate nguvu. Giza limeingia na mitumbwi bado iko nchi kavu, ndagala wangoje. Wahutu, Watutsi, Wakongomani wa ng'ambo, wote sikio moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Oktoba, Rais Ndadaye akauawa. Wengi waliokaa pale mchangani wakapita ziwani kwenda Kigoma, kwa mitumbwi ileile.

Ndo maana wazee wakisema "kidogo tu tungeshinda", siku hizi siwabishii. Lakini watoto waliozaliwa kambini wanaandikiwa 5-1. Mzee mmoja nilimsomea haya, akasema: "Sawa, lakini ile 1-1 itangulie." Nimeitanguliza.