Habari za Meli ya Liemba, Iliyozamishwa Ikainuliwa

Sisi wa Olasiti, tukaao chini ya Mlima Meru, si watu wa vyombo. Maji yetu ni ya mifereji, na katika Ziwa Duluti huonekana mitumbwi tu. Lakini twaona yafaa waalimu na Wakristo wajue habari za meli moja ya nchi yetu, iliyolala chini ya maji miaka mingi, kisha ikarudi kazini.

Meli hiyo iliundwa na Wadachi mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, ikaitwa Graf von Götzen kwa jina la mtu aliyekuwa gavana wao katika nchi hii. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo kwa gari la moshi kwenda Kigoma. Huko ikaunganishwa, na mwaka 1915 ikashushwa katika Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kama mita 71.

Mwaka uliofuata vita viliwageukia Wadachi. Tarehe 26 Julai 1916, walipoona kwamba Kigoma haikaliki tena, waliizamisha meli wenyewe isije ikatwaliwa na adui. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yote mafuta mazito, tabaka nene, wakijua kuwa siku moja itatakiwa tena. Hapo ndipo twastaajabu. Amri ilikuwa kuharibu, nao waliitii kwa mikono ya watu watunzao.

Mpako wa namna hii waufahamu sana watu wa pwani. Wao hupaka jahazi deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, na kila baada ya muda hukipweleza chombo ufuoni, wakakwangua, wakakalafati nyufa kwa pamba. Ni kazi ya taabu, ila ina faida hii, kwamba fundi huuona ubao wenyewe kila mara. Siku hizi wako wafunikao mbao za zamani kwa faibaglasi, nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi ngumu. Vazi hilo ni jema likiwa zima. Likipata ufa, maji hupenya yasipate pa kutokea, na ubao huoza ndani huku nje kwang'aa. Basi atakaye kufufua mashua ya namna hiyo haanzi na rangi. Hugonga ubavuni kwa nyundo ndogo, na pale asikiapo mlio mzito hulivua vazi, huuacha ubao ukauke, hukata palipooza, ndipo aunge mti mpya. Akifunika juu ya uozo amejenga kaburi.

Meli yetu ni ya chuma, lakini nayo ilipaswa kufunuliwa. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924. Walipoondoa matope na mafuta yale wakaona mashine na matangi ya mvuke yafaa kutumika, wala haikuwa lazima kuagiza mengine Ulaya. Matengenezo yakaendelea, hata tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa kwa ziwa hilo upande wa kusini.

Baadaye, katika miaka ya 1970, mashine za mvuke ziliondolewa zikatiwa za dizeli.

Yaliyofuata hawakuyawaza wale waliopaka mafuta. Mwaka 1997 meli ilitumiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, makumi ya maelfu. Mwaka 2015 watu wa Burundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, Liemba ilikwenda kuwachukua na kuwapeleka Kigoma. Kagunga hapakuwa na gati. Kwa hiyo mama na watoto walipakiwa kwanza katika mashua za mbao za wavuvi, wakapelekwa mpaka ubavuni mwa meli, wakapandishwa mmoja mmoja.