Uwele, Mlenda na Malisho: Utoto wa Ugogo

Ugogo, nchi ya Wagogo katika eneo la Dodoma, katikati ya Tanzania, hupata mvua msimu mmoja tu, takriban kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana mtoto wa Kigogo alikuzwa kwa ugali wa uwele au mtama, mlenda na maziwa. Mboga za porini zilikaushwa kungojea kiangazi. Wavulana walichunga ndama na mbuzi, baadaye ng'ombe. Wasichana walitwanga, wakateka maji na kuokota kuni. Mazoezi ya mwili yalikuwa ndani ya kazi, na kazi yenyewe haikuwa nyepesi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivuruga maisha hayo yote. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi; ukame ukafuata, na njaa ya Mtunya ikaua maelfu hadi 1920.

Miaka ya 1970, Operesheni Dodoma ya serikali ilizihamishia kaya zilizotawanyika katika vijiji vya pamoja: shule ikasogea karibu, malisho yakawa mbali.