Sheria ya Nyaraka za Mauaji ya Kennedy ya Mwaka 1992 na Mzigo wa Kuthibitisha Usiri

Rais John F. Kennedy aliuawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Kwa takribani miaka thelathini, idara zilezile zilizotunza nyaraka za mauaji hayo ndizo zilizoamua, kwa kiasi kikubwa, kipi kisomwe. Sheria iliyotiwa saini tarehe 26 Oktoba 1992, baada ya filamu ya Oliver Stone kuchochea manung'uniko ya umma, iligeuza mambo: kila waraka ulihesabiwa kuwa wa wazi, na idara iliyotaka kuuficha ilipaswa kuthibitisha madhara mbele ya bodi ya raia watano. Kwa maoni yetu, uzito wa sheria hii umo humo, wala si katika wingi wa kurasa zilizofunguliwa.

Udhaifu wake ulijitokeza baadaye. Bodi ilivunjwa mwaka 1998, ilhali ukomo wa usiri uliwekwa mwaka 2017, na Rais peke yake akaachiwa mamlaka ya kuahirisha. Trump aliahirisha, Biden naye akaahirisha. Shehena kubwa ilitolewa Machi 2025. Katika maahirisho hayo yote, hapakuwa tena na bodi ya kuzihoji idara.