Mahame ya Tyneham: Picha Zenye Sura, Kumbukumbu Zenye Majina

Katika bonde moja la pwani ya Dorset, kusini mwa Uingereza, lipo kanisa dogo la mawe ambalo mlango wake uliwahi kubandikwa karatasi. Ilikuwa Desemba 1943. Watu wa kijiji cha Tyneham walikuwa wanafunga virago, na karatasi ile iliwasihi askari watakaoingia baada yao walitunze kanisa na nyumba zilizolizunguka, kwani wenyewe wamekubali kuyaacha makazi yao kwa ajili ya vita, na siku moja watarejea. Hawakurejea. Kanisa limesimama hadi leo, na skuli pia imesimama, lakini nyumba hazina mapaa, na ndani ya vyumba vilivyokuwa vya kupikia pamemea majani. Kiswahili kina neno mahususi kwa mahali pa namna hii: mahame, yaani pale palipohamwa. Waingereza hukiita kijiji kilichopotea, kana kwamba kijiji ndicho kilichoondoka na watu ndio waliobaki.

Anayezuru Tyneham hukuta, katika kuta zile zilizobaki, vibao vyenye picha za zamani pamoja na majina ya jamaa walioishi humo. Hapa palikuwa posta, pale akikaa mfanyakazi wa shamba na wanawe. Mgeni husoma, huitazama picha, kisha huutazama ukuta mtupu, na kwa dakika chache huamini kwamba amekijua kijiji. Ama imani hiyo inafaa ichunguzwe, kwa sababu picha na maneno yaliyoandikwa chini yake havikuzaliwa siku moja, wala havikuzaliwa na nia moja.

Mapokeo ya kupiga picha miji na vijiji vya Uingereza yanadaiwa sana na mfanyabiashara mmoja, Francis Frith, aliyezaliwa Chesterfield mwaka 1822. Frith aliuza biashara yake ya vyakula mjini Liverpool katikati ya miaka ya 1850, akiwa bado kijana lakini tayari tajiri, akaenda zake Misri na Palestina. Alisafiri mara tatu kati ya 1856 na 1860, akibeba vioo vikubwa na hema la giza, maana kwa utaratibu wa zama hizo kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla ya kukauka. Katika joto la Mto Nile dawa ilikaribia kuchemka mikononi mwake. Picha za mapiramidi zilimpa jina. Alikuja kupata biashara iliyodumu kuliko jina hilo pale alipoigeukia nchi yake mwenyewe, akaweka kampuni katika mji wa Reigate, akakusudia kupiga picha kila mji na kila kijiji chenye cha kutazamwa.

Kusudio hilo lilisadifu wakati wake. Reli zilikuwa zimeshawafikisha watu wa viwandani pwani na mashambani, na sheria ya mwaka 1871 ikawapa wafanyakazi wa benki siku za mapumziko ambazo baadaye zikawa za taifa zima. Mtu aliyetumia siku moja ufukweni alitaka kurudi na kitu mkononi. Mwaka 1894 posta ya Uingereza iliruhusu kadi zilizochapishwa na watu binafsi, na mwaka 1902 ikaruhusu maneno ya mtumaji na anwani viandikwe upande mmoja, ili upande wa pili uachiwe picha peke yake. Tangu hapo hapakuwa na kijiji kidogo kiasi cha kukosa kadi yake. Frith alifariki mwaka 1898, wanawe wakaendelea, na kampuni ikaishi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hazina yake ya vioo na chapa, inayogusa maelfu ya miji na vijiji, ilikaribia kutupwa, ikanusurika kwa kununuliwa na kampuni ya tumbaku. Historia ya mataifa hupenda kuhifadhiwa kwa njia za ajabu.

Basi picha hizi zilipigwa ziuzwe. Neno hili si la kuzitukana, ila msomaji akilisahau atapotea njia. Mpigapicha aliyetumwa na kampuni alishuka stesheni, akatafuta kanisa, daraja, barabara kuu na nyumba ya wageni, akaondoka kabla ya jioni. Hakuwa na haja ya kuuliza jina la mtu. Kadhalika, kabla ya vioo vikavu kuenea katika miaka ya 1880, kamera ilihitaji sekunde kadhaa ili ione, na kila kitu kinachotembea kiligeuka ukungu. Aliyesimama bure alibaki pichani. Aliyepita na ndoo, au na toroli, au aliyekuwa anamkimbilia mtoto, alitoweka. Ndiyo maana barabara za picha za kale ni tulivu mno. Utulivu ule ambao watu wa baadaye wameulilia, wakidhani ndio uliokuwa maisha ya kijijini, kwa sehemu fulani ni udhaifu wa dawa iliyopakwa kwenye kioo.

Picha kadhalika hainusi wala haihesabu. Nyumba ya mawe yenye ezeko la nyasi hupendeza kwenye kadi; unyevu wa kuta zake hauonekani, wala mshahara wa aliyelala ndani. Na Dorset hiyohiyo ndiyo ya Tolpuddle, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Tyneham, ambacho vibarua wake sita walihukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia. Walikuwa wamekula kiapo cha kuungana, baada ya ujira wao kushushwa hadi shilingi 7 kwa wiki, na kutishiwa kushushwa tena hadi 6. Kadi za posta zilikuja miaka sitini baadaye, na mashamba ya Dorset yalikuwa bado na sifa ya kulipa kidogo. Hakuna kadi inayosema hivyo.

Ili kijiji kiseme, ilibidi atokee mtu wa kukisikiliza. Mwaka 1956 vilitoka vitabu viwili ambavyo vingefaa visomwe pamoja, ingawa waandishi wao walitoka pande mbili za dunia ileile. Kimoja ni cha Lilian Bond, binti wa jumba kubwa la Tyneham, ambalo ukoo wake ulilimiki tangu karne ya 17. Aliandika kumbukumbu za utotoni mwake bondeni humo, bustani, wahudumu, misimu na ibada za Jumapili, na aliandika kwa mapenzi ya mtu aliyenyang'anywa. Kitabu cha pili ni cha George Ewart Evans, Mwelshi aliyehamia Blaxhall, kijiji cha Suffolk, ambako mkewe alikuwa mwalimu wa skuli. Evans alikaa na majirani zake wazee, wa kwanza wao akiwa mchungaji mstaafu wa kondoo, akawauliza walivyovuna, walivyooka mkate, walivyokata manyoya, walivyolipwa. Aligundua kwamba katika vinywa vyao yalikuwemo maneno ambayo wasomi walidhani yamekufa pamoja na washairi wa kale, na yalikuwa hai kwa sababu kazi iliyoyahitaji ilikuwa hai. Trekta lilipokuja, farasi akaondoka, na maneno ya farasi yakafuata nyuma.

Lilian Bond hakudanganya. Lakini kijiji kinachotazamwa kutoka dirisha la juu si kijiji kinachotazamwa kutoka kisimani. Kumbukumbu za wapangaji wa Tyneham zilichelewa kuandikwa, na zilipopatikana hazikuimba wimbo mmoja. Wapo waliosema kwamba moyo wao haukutoka bondeni. Wapo pia waliokumbuka maji ya kuteka, taa za mafuta na baridi ya kuta, na ambao walipopewa nyumba za halmashauri katika kijiji cha Sandford, karibu na mji wa Wareham, zenye mfereji na umeme, hawakuona sababu ya kurudi. Sauti hizi za pili hazipendwi sana na wageni, kwani huharibu majonzi.

Kuna jambo jingine ambalo picha zenyewe hulisema pindi zikipangwa kwa miaka. Simulizi ya kawaida ni kwamba jeshi liliua kijiji kilichokuwa kizima. Lakini picha za mwanzo wa karne ya 20 zina walinzi wa pwani na familia zao katika ghuba ya Worbarrow, na watoto waliojaa mbele ya skuli. Kisha kituo cha walinzi kikafungwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watoto wakapungua, na mwaka 1932 skuli nayo ikafungwa, miaka kumi na moja kabla ya barua ya jeshi. Kijiji kilikuwa kinapungua damu zamani. Hapa ni picha inayosahihisha kumbukumbu, kama vile kwingine kumbukumbu huipa picha majina.

Hilo haliipunguzii serikali deni lake. Barua za Novemba 1943 ziliwapa watu wa Tyneham muda wa mwezi mmoja tu. Kufikia tarehe 19 Desemba watu wapatao 225 walikuwa wametoka, ili bonde liongezwe kwenye viwanja vya kulengea shabaha vya vifaru vya Lulworth. Wengi walikuwa wapangaji, hivyo ardhi haikuwa yao ya kulipwa. Inakumbukwa kwamba walilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini. Mwaka 1948 serikali iliamua kubaki na bonde moja kwa moja. Lile jumba la akina Bond lilibomolewa katika miaka ya 1960. Kamati iliyoongozwa na Lord Nugent ilipendekeza mwaka 1973 kwamba jeshi liondoke Lulworth, serikali ikakataa. Lililopatikana ni kufunguliwa kwa njia na kijiji mwisho wa wiki nyingi na katika likizo. Ajabu ni kwamba bonde lililopigwa mabomu halikuwahi kupigwa dawa za mashamba makubwa, na maua na vipepeo vilivyokwisha kwingineko vimestawi humo.

Mwezi huohuo wa Desemba 1943, kiasi cha maili arobaini upande wa kaskazini, kijiji cha Imber katika uwanda wa Salisbury kilihamishwa vivyo hivyo. Wanakijiji waliitwa skulini tarehe 1 Novemba wakaambiwa wana siku 47. Kadi za kale za Imber zinaonesha kijito kinachofuata barabara, na nyumba za ezeko la nyasi zilizojipanga kandoni mwake. Haikosi ni miongoni mwa picha nzuri za kijiji cha Wiltshire. Inasimuliwa kwamba mhunzi wa kijiji, mtu mzima aliyefanya kazi pale umri wake wote, alikutwa analia juu ya fuawe lake, na kwamba alifariki wiki chache baada ya kuhamishwa.

Watu wa Imber walikumbuka jambo moja kwa pamoja: kwamba waliahidiwa kurudi. Januari 1961 zaidi ya watu 2,000 walivuka mipaka ya jeshi wakaingia kijijini kudai ahadi hiyo, na mwaka huohuo ukafanywa uchunguzi rasmi. Karatasi yenye ahadi haikupatikana. Jeshi lilikuwa limenunua mashamba yale tangu miongo ya nyuma, lilikuwa na hati, lilikuwa na ramani. Wanakijiji walikuwa na walichokisikia kwa masikio yao. Walikuwa na picha pia, lakini picha ya nyumba huthibitisha kwamba nyumba ilikuwepo, haithibitishi alichoambiwa mwenye nyumba. Uamuzi ulikwenda upande wa jeshi.

Baadaye jeshi lilijenga Imber nyumba mpya tupu, zisizo na vioo madirishani, kwa ajili ya mazoezi ya vita vya mitaani. Kanisa la St Giles halikuguswa. Hufunguliwa siku chache za mwaka, na ibada hufanywa Jumamosi iliyo karibu zaidi na sikukuu ya mtakatifu huyo, mwanzoni mwa Septemba. Tangu 2009, siku moja katika kiangazi, mabasi mekundu ya kale ya London huwapeleka watu huko kwa maelfu, na kila mmoja ana kamera. Makaburi yako nyuma ya kanisa, ndani ya uzio. Mhunzi amezikwa humo: alirudishwa akiwa maiti, mwaka 1944, kwa kibali cha jeshi, na wengine waliozaliwa kijijini wakapata kibali kama hicho baada yake.